Siagi Kwenye Mizani ya Dhahabu

Kwako Mganga Mkuu,
Hospitali ya Watoto.

YAH: OMBI LA KUSITISHA TIBA YA MPWA WANGU KWA KUWA INANIFILISI

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Kwanza salamu, maana mama yetu alitufunza kwamba hata mtu unayekwenda kumshtaki mjulie hali kwanza. Habari za kazi, habari za wagonjwa, habari za nyumbani? Ikiwa zote ni njema namshukuru Mungu, na sasa naomba ruhusa niziharibu kidogo.

Mimi ni sonara. Duka langu liko nyuma ya hospitali yako, kati ya fundi viatu na muuza miwani, lenye mlango wa kijani na kengele inayolia mteja akiingia. Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa na nywele. Katika muda wote huo sijaiandikia ofisi yoyote malalamiko, kwa sababu najua ofisi hazipendi kusumbuliwa na mimi sipendi kupoteza wino. Lakini sasa maji yamenifika shingoni.

Dada yangu mdogo ni mjane, na ana mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane. Mtoto huyu ana kifafa. Alipewa dawa ya kwanza, akapewa ya pili, akapewa ya tatu. Zote zilimtia usingizi yeye, kifafa chenyewe kikabaki macho. Ndipo mtaalamu wako wa lishe, mama mmoja mpole ambaye mpwa wangu anamwita Shangazi Siagi, akatueleza kwamba iko tiba ya chakula. Mtoto ale mafuta kwa wingi: siagi, krimu, mayai, parachichi. Mkate, wali na viazi aviage. Sukari asiisogelee kabisa. Na kila kinachoingia mdomoni kipimwe kwa gramu, kisizidi wala kisipungue, kwa muda wa miaka miwili hivi, chini ya uangalizi wake. Alituambia hayo kwa upole, kama mtu anayekuelekeza ilipo posta. Nani atanunua siagi hiyo, hakusema, na sisi kwa adabu zetu hatukuuliza.

Naomba sasa niyataje madhara niliyoyapata, moja baada ya jingine.

1. Mizani yangu imetekwa. Dada yangu alinunua mizani ya jikoni sokoni, ya mshale, ambayo ukiweka yai inasema gramu hamsini na ukilitoa inaendelea kusema gramu hamsini. Shangazi Siagi alipoiona akatikisa kichwa. Hapo dada yangu akakumbuka kwamba ana kaka mwenye mizani inayoweza kupima unywele. Tangu siku hiyo huja na kikapu asubuhi kabla ya shule, na huja tena jioni, na kati ya salamu na amri hapumui. “Shikamoo Kaka, toa dhahabu tupime krimu.” Nami natoa. Kuna siku mteja alikuwa amesimama pale anauza mkufu wa marehemu nyanya yake, machozi yanamlengalenga, ikabidi asubiri tumalize yai.

2. Wateja wanakimbia, na paka wanakuja. Mheshimiwa, siagi haina heshima. Hata uifute vipi, inabaki. Mwezi uliopita nilimkabidhi kijana mmoja pete ya uchumba, nzuri, imeng'aa. Mama mkwe mtarajiwa akaipeleka puani, akauliza kama kijana ameitoa kwa sonara au kwa muuza maandazi. Kijana mwingine alirudi kulalamika kwamba paka watatu walimsindikiza kutoka dukani kwangu hadi kwa mchumba wake, wakakaa dirishani wanamtazama binti kidole. Sasa paka wa mtaa mzima wanashinda mlangoni kwangu. Wateja wapya wanadhani ni duka la samaki, wanauliza bei ya kilo.

Zaidi ya hapo, nilikuwa na desturi ya duka. Kila aliyenunua pete ya ndoa nilimpa peremende moja, ndoa yake iwe tamu. Peremende nimeziondoa, maana mtoto anashinda pale na si haki kumtamanisha kitu alichokatazwa. Nikaona badala yake niwape kipande cha parachichi. Bibi harusi mmoja alikitazama, akamtazama mumewe, wakatoka bila kuniaga. Nasikia sasa ndoa hiyo inasuasua na familia zote mbili zinanitaja mimi.

3. Nimewekewa mkaguzi bila barua ya uteuzi. Mpwa wangu, kwa kuwa chakula chake chote kinapimwa mbele yake, amejifunza mizani kuliko ilivyompasa mtoto wa umri wake. Hali mlo wowote mpaka aone sifuri imetulia. Hilo lingekuwa jambo la nyumbani kwao. Shida ni kwamba ameipanua kazi yake mpaka kwenye dhahabu. Mteja anaweka bangili, mimi naisoma, na sauti ndogo inatoka nyuma ya kaunta: “Mjomba, feni inapuliza.” Nazima feni, gramu zinapungua, mteja ananikodolea macho. Mtaa mzima sasa unamwita Mkaguzi. Imefika mahali watu hawauzi wala hawanunui mpaka atoke shule. Asubuhi nzima nakaa peke yangu na paka.

4. Siagi imepanda bei, na nadhani ni sisi tulioipandisha. Jirani yetu mwenye duka la maziwa alikuwa akinikopa hereni na kulipa kidogo kidogo kwa masikitiko. Tangu mpwa wangu aanze tiba, mama huyo hakopi tena. Siagi ni kwake, krimu ni kwake, jibini ni kwake, na kila dada yangu akitokea kwenye kona na kikapu, yule mama anaanza kutabasamu akiwa bado yuko mbali. Amenunua kidani kwangu, amenunua hereni za pili, na juzi alikuja kuulizia jino la dhahabu. Ukifuatilia utaona kwamba fedha zangu zinatoka kama siagi na kurudi kama jino la mtu mwingine. Mimi ni mfanyabiashara, najua kufilisika, ila sikujua mtu anaweza kufilisika huku mauzo yanaongezeka.

Nimelinganisha pia dhahabu na siagi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Dhahabu ukiinunua leo, mwakani ipo. Waweza kuiweka rehani, waweza kumwachia mwanao. Siagi ukiinunua leo, jioni imeshaliwa, na kesho alfajiri inatakiwa nyingine. Hakuna kito kinachodai hivyo. Nimewahi kuwahudumia wake wa matajiri na hakuna hata mmoja aliyenunua kidani kila siku akakimeza.

5. Bangili. Dada yangu alipoolewa nilimtengenezea bangili sita kwa mikono yangu, kila moja na nakshi yake, hakuna inayofanana na mwenzake. Sasa siagi ikiisha huja na bangili moja, anaiweka juu ya kaunta bila kuitazama, anasema, “Kaka, nipe bei ya duka, usinipe bei ya undugu.” Nampa bei ya duka. Naongeza kidogo kwa ajili ya nakshi. Naongeza na ya mkaa, maana sonara hawezi kusahau gharama ya moto. Kisha, kwa mujibu wa biashara, inanipasa kuziyeyusha au kuziuza.

Nimejaribu kuziuza. Ya kwanza niliiweka dirishani, ila niligeuza upande wa nakshi ukutani jua lisije likaiharibu. Ya pili aliitaka mama mmoja mwenye fedha mkononi, lakini nilimtazama kifundo cha mkono nikaona hakielekei bangili ile. Ya tatu nawaambia watu ina ufa. Zilizobaki sijazitoa kabisa, kwa sababu soko halijatulia. Zote zimo kwenye droo, juu ya pamba, pamoja na mtaji wangu wote. Mtu anayenunua vitu vya kale asiuze huitwa makumbusho, na makumbusho hupewa ruzuku. Mimi sijapewa. Hasara hii naiweka mlangoni kwa hospitali yako.

6. Bima. Dada yangu anakatwa bima kila mwezi pale anapofanya usafi kwenye ofisi. Nikaenda naye kuomba walipie siagi. Karani, kijana nadhifu mwenye tai, alituambia siagi ni chakula na bima hailipii chakula. Nikamweleza kwamba huyu mtoto anaimeza kwa kijiko, bila mkate, huku amekunja uso, na chakula hakiliwi hivyo. Akasema hata yeye asubuhi alikula mkate wenye siagi na hakuwa mgonjwa. Dada yangu akamwambia, “Wewe ulikula mkate, mwanangu. Siagi ilikusindikiza tu.” Yule kijana akaandika kitu, lakini sidhani kama aliandika hilo.

Nikawaza: kama kosa la siagi ni kuonekana kama chakula, basi ionekane kama dawa. Nina kalibu za kumwagia pete. Nikazisafisha, nikayeyusha siagi, nikaimimina, nikaiweka kwenye jokofu la muuza miwani. Zikatoka tembe safi kabisa, za duara, kila moja na uzito wake sawasawa. Nikazitia kwenye chupa ya kahawia, nikabandika karatasi: tatu, mara tatu kwa siku, weka mbali na paka. Tukarudi bima. Karani akaitazama chupa, akasoma maelekezo, akavuta mhuri. Nasema kweli, mhuri ulikuwa umeshanyanyuka. Bahati mbaya foleni siku ile ilikuwa ndefu na chumba kile hakina dirisha la kufunguka. Akamimina tembe mbili juu ya faili azikague, na kufumba na kufumbua faili la mtu mwingine kabisa likawa limeshiba. Tulitolewa nje na mlinzi, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mwema, alituuliza kama chupa ile tunaiacha.

Nilirudi tena peke yangu, nimevaa koti. Safari hii karani alinieleza vizuri, naye simlaumu, kazi ni kazi. Mtoto akianguka, bima inalipa gari la wagonjwa. Inalipa kitanda, inalipa sindano, inalipa vipimo, inalipa hata chakula, mradi amelazwa. Mtoto asipoanguka, bima haioni sababu ya kuhusika. Kwa hiyo, Mheshimiwa, mtoto anayeanguka hatugharimu kitu, ila huyu asiyeanguka ndiye anayetumaliza. Nililala nalo jambo hilo na asubuhi bado lilikuwa hivyo hivyo.

7. Mto. Zamani mpwa wangu alikuwa na tabia ya kuondoka. Alikuwa akisema neno na kuliachia katikati, macho yapo, mwenyewe hayupo, halafu anaanguka. Kwa sababu hiyo niliweka mto chini ya kaunta, nikajifunza kuruka kaunta kwa umri huu, na nikawa hodari wa kumalizia maneno yake. Akisema “Mjomba, naomba ma”, mimi nilijua kama ni maji au matembezi. Ujuzi huo niliupata kwa shida kubwa na sasa hauna soko. Tangu siagi imkolee, anamaliza mwenyewe. Mto upo palepale chini, hautumiki, unakula nafasi ya vitambaa vya kung'arishia. Nimeshindwa kuutoa. Nimemuuliza Shangazi Siagi ni lini mto wa namna hii unaruhusiwa kurudishwa kitandani, akanishika mkono badala ya kunijibu. Naomba jibu la maandishi.

8. Kelele. Hili linaendana na hilo la saba. Mtoto asiyekatika katikati ya neno anasema sana. Anatoka shule anaanza, na mpaka nafunga duka hajamaliza. Kwa nini dhahabu haishiki sumaku. Kwa nini binadamu haoti dhahabu kwenye kucha. Kama paka akimeza pete, je, pete ni ya nani. Nilizoea utulivu, Mheshimiwa. Ulikuwa utulivu mbaya, wa kukaa umemkazia mtoto macho ukingoja, lakini ulikuwa utulivu.

Kwa sababu hizo zote naleta maombi yafuatayo, nawe uchague lile linalokufaa:

(a) Tiba hii isitishwe mara moja. Mtoto arudishwe kwenye mkate kama wananchi wengine, aanguke kwa utaratibu unaotambulika, na gharama zibebwe na bima kama sheria inavyotaka.

(b) Ikishindikana, wewe na wenzako mwiombe serikali iitangaze siagi kuwa madini ya thamani. Mimi nitaigonga mhuri wa ubora bila malipo. Hapo dada yangu ataweza kuiweka rehani asubuhi na kuikomboa jioni, ingawa nakiri sijajua atakula nini mtoto mchana.

(c) Ikishindikana hiyo pia, basi siagi yenyewe ilazwe. Karani alisema wazi kwamba chakula kinalipiwa kwa aliyelazwa. Naomba kitanda kimoja wodini, kisiwe karibu na dirisha lenye jua. Nitaileta mwenyewe, imefunikwa, na nitakaa nayo kama ndugu wa mgonjwa. Mpwa wangu atakuja kuitembelea wakati wa kula.

(d) Yakishindikana yote, duka langu lisajiliwe kama wodi ya hospitali yako, nipewe koti jeupe, na paka wawekewe saa maalumu za kutembelea wagonjwa.

Naamini utaona kwamba maombi haya ni ya mtu mwenye akili timamu aliyefuata mantiki ya ofisi mpaka ilipomfikisha. Sina kinyongo na mtu. Nimeambiwa una kazi nyingi, na kwamba hata Shangazi Siagi ana wagonjwa wengi na ofisi moja isiyo na feni. Ninachoomba ni jibu, liwe zuri liwe baya.

Nisalimie manesi wote, hasa yule mnene wa wodi ya pili aliyekuwa akimshikilia mpwa wangu kichwa huku akimwimbia. Nisalimie Shangazi Siagi, mwambie mayai yale ya juzi yalikuwa sawasawa, ni feni. Nisalimie mlinzi wa getini, wafagizi, na mpishi wa wagonjwa waliolazwa, ambaye simfahamu ila namwonea wivu. Nyumbani kwako pia wasalimie wakubwa kwa wadogo.

Wako katika kuungua kwa moto na mafuta,

Sonara wa mlango wa kijani.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii. Mkaguzi ametoka shule, ameikuta juu ya kaunta, akaifungua na kuisoma yote kwa sauti mbele ya fundi viatu na muuza miwani. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alipofika mwisho alirudi kwenye herufi (a), akaweka kidole hapo, akaniuliza, “Mjomba, na wakikubali je?”

Sikuwa nimelifikiria hilo. Niliandika kwa hasira, nikijua ofisi kubwa hazikubali kitu. Fundi viatu ameacha kucheka, ameondoka. Ningeichana barua hii niandike nyingine, ila stempu imeshabandikwa, na sitaweza kuandika vizuri zaidi ya hapa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba usikubali. Futa (a). Futa na zilizobaki, zote ni upuuzi wa mzee aliyechoka. Mizani si yangu tena, ni ya mtoto. Paka wakae. Wateja wasiopenda harufu ya siagi waende kwa sonara mwingine, mjini wamejaa. Wiki kumi na moja zimepita hajaanguka. Nilisema kelele zake zinanisumbua. Nilidanganya, ndizo nafungulia duka.

Lililobaki ni moja, na hili silifanyii mzaha. Sina tena fedha ya kununulia siagi, na dada yangu hajui, anadhani duka linakwenda vizuri. Shangazi Siagi amesema tiba hii haikatwi ghafla, mtoto anaweza kuumia. Naogopa sana, Mheshimiwa. Kama kuna mlango wowote unaoujua, wa ofisi au wa mtu, nielekeze nikapige hodi, hata wewe mwenyewe nitakuja nikusikilize nimesimama. Ila nielekeze kabla ya Alhamisi, kwa sababu siagi iliyopo inafika hapo.